Kamati Ndogo ya Mbuzi

Ukifika Kitengela ukauliza Mugo, utaulizwa Mugo yupi, maana wako kama kumi na kila mmoja ana ploti. Lakini sema Mugo wa Tenti, na hata mtoto wa nasari pale Noonkopir atakushika mkono akupeleke kwenye lango la bluu. Nyuma ya lango hilo kuna viti vya plastiki mia nne na kidogo, tenti tano, lori moja la kanta lililozeeka kwa heshima, na mke wake Waruguru, ambaye ndiye anayekumbuka ni arusi ya nani iliyorudisha viti bila miguu.

Mugo alikuja kutoka Othaya miaka ishirini iliyopita na godoro, shoka, na wazo la kuuza mbao. Mbao zilimshinda. Siku moja jirani yake alifiwa, akaja kuomba lile turubai la kufunikia mbao ili waombolezaji wasiungue na jua. Mugo hakumpa tu. Alikwenda mwenyewe akalifunga, akalikaza kamba, akakaa chini yake siku tatu kulilinda na upepo, kwa sababu upepo wa ile nyika ya Kitengela hauna adabu hata mbele ya maiti. Matanga yalipokwisha, watu wawili wakamuuliza kama yuko huru Jumamosi ijayo. Hivyo ndivyo alivyoingia kazi hiyo, na hajatoka.

Ni mtu wa kufika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote, na katikati hapo hasemi neno. Wenye kusema ni wengi, huwa anamwambia Waruguru, lakini wa kushika nguzo upepo ukija ni wangapi? Na kweli, katika maisha yake yote hakuwahi kusimama mbele ya watu kwa sababu nyingine isipokuwa kusogeza spika.

Sasa, Mugo anasali Kanisa la Chemchemi ya Rehema, kanisa la mabati, washiriki thelathini na wanane, wawili wakiwa Dubai. Mchungaji wake ni Pasta Wanjala. Nataka ieleweke kwamba Pasta Wanjala ni mtu mwema. Ukilazwa anakuja, ukifiwa analia kuliko wewe. Kosa lake lilikuwa moja: mwaka jana alialikwa semina ya mipango ya huduma Kajiado, siku tatu, chai mara mbili kwa siku, na akarudi na kalamu za wino wa rangi nne. Mtu mzima ukimpa kalamu za rangi nne umemharibu.

Jumapili iliyofuata alihubiri Matendo ya Mitume sura ya sita. Akaeleza kwamba kanisa la kwanza halikuenda kwa bahati nasibu, ndugu zangu, lilienda kwa mpango. Mitume waliona kazi imewazidi, wakachagua watu saba, kila mtu akapewa lake. Wale saba walichaguliwa kwa sababu wajane walikuwa wakisahaulika kwenye chakula cha kila siku, imeandikwa hapo hapo mstari wa kwanza, lakini huo mstari wa wajane Pasta aliupita haraka kwa sababu muda ulikuwa umekwenda. Akabandika karatasi kubwa ukutani na kuanza kugawa kazi. Kufikia saa saba na nusu, kanisa la watu thelathini na wanane lilikuwa na kamati kumi na nne. Kila mtu alipata cheo. Wale wawili wa Dubai walipata Kamati ya Ukaribisho.

Mtu mmoja tu hakupata cheo. Mugo alikuwa nje akifunga kamba iliyolegea, na majina yaliposomwa hakusikika akijibu. Aliporudi ndani watu walikuwa wakipigana makofi mgongoni, wakiitana mwenyekiti, naibu mwenyekiti, mweka kumbukumbu. Hata Mzee Gakuru, ambaye husinzia tangu wimbo wa pili, alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mkesha. Mugo aliona ni vyema. Mtu asiye na cheo haitwi mkutanoni, na yeye alikuwa na viti vya kuosha.

Kazi ya kwanza ya kamati zote hizo ilikuwa Mashuuru.

Huko Mashuuru anaishi Mama Soipan. Miaka sita mama huyu alileta maziwa Kitengela, na kila Jumapili aliketi kiti cha nyuma kabisa cha Chemchemi ya Rehema, shanga zake zikilia polepole akiitikia nyimbo. Mumewe alipofariki alirudi nyumbani kushika boma. Siku ya kuaga aliomba jambo moja tu: kwamba siku moja kanisa lote lije kwake, wasalie pale nyumbani, majirani zake wasikie yale aliyokuwa akiyasikia yeye, kwa sababu kila akijaribu kuwaeleza maneno yanamponyoka. Pasta akaahidi mbele ya watu. Halafu ukame ukapita, ukachukua ng'ombe wote, ukamwachia mbuzi tisa.

Kumbuka hao tisa. Mugo aliwahesabu mwenyewe, si kwa ubaya, ni mazoea tu ya mtu wa viti.

Safari ya kwanza ilikuwa Februari. Kamati ya Kukagua Kiwanja, watu watano, pamoja na Purity, karani wa kanisa, msichana hodari mwenye faili la zambarau na muhuri ndani ya pochi. Mugo aliwaendesha kwa kanta: Isinya, Kajiado, halafu ile barabara ya vumbi inayokufanya utubu dhambi ambazo hujatenda. Wakafika saa tano. Mama Soipan akatoka, na alipoliona gari na watu wa kanisa lake, uso wote ukafunguka.

"Takwenya," Mugo akamsalimu, maana hiyo ameijua siku nyingi.

"Iko, Baba Ciku," akajibu kwa jina la mtoto wa Mugo, na hapo hapo akatuma watu waite majirani.

Purity alikuwa bado anatafuta mwanzo wa futi kamba wakati mbuzi wa kwanza alipolazwa juu ya majani. Mugo alishtuka. Alimfuata mama pembeni akajaribu kumweleza. Lakini jamani, hebu jiweke mahali pake, utaelezaje? Utamwambia Mmasai aliyekuona ukishuka kwenye gari mbele ya boma lake kwamba wewe si mgeni, wewe ni mtu aliyekuja kuangalia mahali ambapo mgeni atakaa? Mugo alijitahidi. Akasema hawa, mama, bado si wageni, hawa ni kamati. Mama Soipan aliwatazama wale watano, akawaza, akauliza kama kamati huwa haili.

Kamati ilikuwa imeshasikia harufu. Ilikula.

Ilikula vizuri, na majirani wakala, na kwa kuwa mtu hawezi kula nyama ya mwenzake akaondoka tu hivi hivi, mmoja akaanzisha wimbo, mwingine akaomba, Purity akasoma Zaburi. Majirani wakaipenda sana. Jioni kanta ikarudi Kitengela, na ripoti ikaandikwa kwamba kiwanja kinafaa. Mbuzi walikuwa wanane.

Safari ya pili ilikuwa Kamati ya Kuketi, kwenda kuthibitisha vipimo vya kamati ya kwanza, kwa sababu walisahau kuandika kama ni hatua au mita. Wakabaki saba. Ya tatu ilikuwa Kamati ya Maombi. Hawa walisema hawawezi kuombea ardhi kutoka mbali. Sita. Ya nne, na hapa nakuomba usicheke, ilikuwa Kamati ya Chakula, iliyokwenda kumuuliza Mama Soipan kama siku ya mkutano atahitaji msaada wowote wa chakula. Mama akajibu hapana, mgeni haji na chakula chake, na ili waelewe akawaonyesha kwa vitendo. Wakabaki watano.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hao wahenga hawakuwahi kutembelewa na kamati.

Mugo alianza kukosa usingizi. Mbuzi hao ndio maziwa ya chai ya yule mama, ndio dawa akiugua, ndio heshima yake mbele ya shemeji zake. Na hakuwa mama wa kusema basi. Angechinja wa mwisho akitabasamu, halafu angekaa chini akiwa mikono mitupu. Lakini pia huwezi kufuta mkutano, kwa sababu ameshatangaza boma hadi boma kwamba kanisa lake linakuja, na mara mbili tayari tarehe iliahirishwa watu wakamcheka. Wakija watammaliza, na wasipokuja watamwaibisha. Mugo aligeuza jambo hilo kitandani, akaligeuza tena, mpaka Waruguru akamwambia aende akaligeuzie sebuleni.

Basi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mugo akaamua kusema.

Alikwenda kwa Purity. Purity alimsikiliza kwa adabu, akamweleza kwamba jambo la mtu asiye na kamati haliwezi kuingia kwenye ajenda isipokuwa chini ya Mengineyo. Mugo akasema Mengineyo ni sawa. Kumbe hakujua. Mengineyo ndiyo huja ya mwisho, na mikutano ya Chemchemi ya Rehema hufungwa saa kumi na moja kamili kwa maombi, popote ilipofikia. Tangu kamati zianze, hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuiona Mengineyo. Mugo alikaa mikutano mitatu kwenye benchi la nje, kofia magotini, akisubiri. Mkutano wa tatu ulikuwa na mjadala wa dakika arobaini kuhusu kama naibu mwenyekiti anaweza kukalia kiti wakati mwenyekiti amekwenda msalani.

Akamwendea Pasta mwenyewe. Pasta alikuwa akichora mishale ya kijani kutoka kisanduku hadi kisanduku. Mugo akamweleza kwa ufupi kwamba mbuzi wanaisha. Pasta aliguswa, tena aliguswa kweli, machozi yalimlenga. Akamshika Mugo bega, akamwambia haraka haraka haina baraka, jambo zito kama hili halifai kuamuliwa na mtu mmoja. Wakaanza kutafuta ni kamati gani inahusika na mbuzi. Kamati ya Chakula ikasema mbuzi akiwa hai si chakula. Kamati ya Mali ikasema si mali ya kanisa. Kamati ya Wajane ingefaa, lakini mwenyekiti wake alikuwa Dubai. Alikuwa ameongezewa na hiyo. Mwishowe ikaundwa mpya, Kamati Ndogo ya Mbuzi, watu watano, chini ya Mzee Gakuru.

Kamati Ndogo ya Mbuzi ilikutana mara moja ikapitisha azimio moja: haiwezi kujadili mbuzi ambao haijawaona.

Hiyo ikawa safari ya sita, maana ya tano ilikuwa ya Kamati ya Vyoo, na sitaki kuieleza. Nitasema tu kwamba katika ile ya tano Mugo alijaribu kukataa kula, akidhani akianza yeye wengine watamfuata. Akashika tumbo, akasema linauma. Mama Soipan akaingiwa na huruma, akamchemshia supu ya mifupa na gome la olkiloriti, chungu kama dawa ya minyoo, na kwa wasiojua, hiyo olkiloriti ndiyo wazee hunywa ili waweze kumaliza nusu ya mbuzi. Nusu saa baadaye Mugo alikuwa na njaa ambayo hajawahi kuiona tangu utotoni. Alimaliza paja zima peke yake, akalamba kidole, akajichukia.

Safari ya sita alikaa kwenye usukani akiwatazama Mzee Gakuru na wenzake wakizunguka zizi kwa heshima, mikono nyuma. Mama Soipan alikuwa amefurahi kwamba safari hii wageni wanapendezwa na mifugo. Alimwonyesha Mzee Gakuru yule mbuzi mweusi wa maziwa, Narok, akaeleza kwamba huyo ndiye anayemshikilia. Mzee akamshika Narok sikio, akamsifu sana. Halafu akaambiwa akae kivulini, chakula kitakuja.

Ripoti ya Kamati Ndogo ya Mbuzi ipo mpaka leo kwenye faili la zambarau, na ina muhuri. Inasema hivi: kwamba kamati ilipofika ilihesabu mbuzi wanne, kwamba wakati wa kuondoka mbuzi walikuwa watatu, kwamba kamati haikuweza kubaini chanzo cha upungufu huo, na kwamba inapendekeza ziara nyingine.

Waruguru alisomewa ripoti hiyo na mumewe jikoni, akaacha kukoroga ugali. Huyu ni mwanamke ambaye hajakaa kwenye kamati yoyote zaidi ya wiki moja; alijiuzulu Kamati ya Maua kwa sababu hakukuwa na maua. Alimwambia aache kuuliza ruhusa. Mkutano ulikuwa Jumamosi, yeye Mugo ndiye wa kutangulia na tenti, si ndiyo? Basi apite kwa mtu wa mbuzi, achukue mmoja mnono, afike kabla ya wengine, amwambie mama achinje huyo. Narok abaki.

Mugo alimtazama mke wake kwa mapenzi ya miaka thelathini. Miezi mitano watu wazima walikuwa wamekaa na kalamu za rangi, na jibu lilikuwa limekaa pale pale kwenye ugali.

Jumamosi aliondoka Kitengela kukiwa na baridi, viti mia mbili nyuma, tenti mbili, na alipofika karibu na Kajiado akachukua mbuzi mmoja mwekundu, mkubwa, mwenye kiburi, akamfunga katikati ya viti. Njia nzima mbuzi alilia na Mugo aliimba. Niseme ukweli, alijisikia mtu. Kwa mara ya kwanza kanisa zima lilikuwa nyuma yake na yeye alikuwa mbele, na alikuwa amebeba ufumbuzi. Alijiona akishuka, akimkabidhi mama kamba, akinyamaza kwa unyenyekevu. Hata kile kimya alikifanyia mazoezi.

Alipokata kona ya mwisho alidhani amepotea akaingia soko la mifugo.

Boma la Mama Soipan lilikuwa limejaa watu. Wanaume kwa wanawake, wamevaa vizuri, shuka safi, shanga za sikukuu, na karibu kila mtu alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kila kamba palikuwa na mbuzi. Kumi na mmoja, kumi na wawili, kumi na watatu. Mama Soipan alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mikono kwenye mapaja, akitazama chini kama bibi arusi.

Mzee mmoja jirani, Moses Ole Nkoyo, alimjia Mugo akamsaidia kufungua nyuma ya kanta. Mugo akauliza kuna nini. Mzee akamweleza taratibu. Tangu Februari, kila gari lilipokuja walikuwa wakiitwa kula, na walikula. Wiki iliyopita mama akawaambia mjiandae, Jumamosi wageni wenyewe watakuja. Wakashangaa: wageni gani tena? Kwani wale wengine walikuwa nani? Ndipo wakakumbuka alikuwa na mbuzi wangapi, wakahesabu aliobaki nao. Jambo hilo wakaliongea kisimani, wakisubiri zamu ya maji, kwa muda ambao mtu hujaza mtungi mmoja.

Saa nne likaja basi la kukodi na kanisa lote. Pasta Wanjala akashuka na karatasi zake, Purity na faili, wenyeviti wa kamati na beji zao kifuani. Pasta aliposikia habari ya mbuzi alisimama katikati ya boma mdomo wazi. Alikuwa amehubiri miezi mitano juu ya wale watu wa Matendo ya Mitume waliokuwa na vitu vyote shirika, na sasa walikuwa mbele yake, wamejipanga, na katika karatasi zake hakukuwa na kisanduku cha kuwatia. Akamuuliza Mzee Moses, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, ni kamati gani iliyopanga jambo kubwa kama hili.

"Hakuna kamati, Pasta," Mzee Moses akasema. "Kila mtu anajua alikula."

Pasta akapanga upya karatasi zake. Akatangaza basi, kwa furaha iliyokuwa ikitetemeka kidogo, kwamba leo tumekuja kufungua kanisa hapa Mashuuru. Watu wakatazamana. Mzee Moses akamwambia kwa upole, asimwaibishe, kwamba kanisa lilikwishafunguliwa, mara sita, na tangu mara ya tano wao hukutana hapo kila Jumapili wakiimba zile nyimbo walizofundishwa na watu wa vyoo.

Sijui kama umewahi kuona wenyeviti wa kamati wakitafuta mahali pa kuweka mikono. Halafu majirani wakaanza. Hakukuwa na tarumbeta wala ratiba. Mama mmoja mzee, mkongojo mkono huu, kamba mkono huu, akasogea mpaka kwa Mama Soipan, akasema alikula siku ya watu wa kiwanja, akamwekea kamba mkononi. Akafuata mwingine, akasema siku ya watu wa maombi. Mwingine akasema yeye alikula mara mbili lakini ana mbuzi mmoja, huyu ana mimba. Mama Soipan alipokea kila kamba, na kila mara alisema neno lile lile, ashe, asante, mpaka sauti ikamkauka.

Walipokwisha, wakarudi mahali pao. Hakuna aliyewaangalia watu wa Kitengela, na hiyo ndiyo iliyowachoma. Wamasai wale walitazama pembeni kwa heshima, kama unavyotazama pembeni mgeni akimwagikiwa na chai. Mzee Gakuru alikuwa macho kabisa, macho makavu, akitazama viatu vyake. Purity akafungua faili, akasema kwa sauti ndogo kwamba labda jambo la upande wa Kitengela lingeweza kuingizwa kwenye Mengineyo. Akajisikia mwenyewe alivyosema, akafunga faili, akaanza kulia.

Hapo Mugo akajua zamu yake imefika. Alikwenda kwenye kanta, akaondoa viti viwili, akamteremsha yule mbuzi mwekundu. Akapita mbele ya Pasta, mbele ya kamati zote, mbele ya kina mwenyekiti, akamvuta mbuzi mpaka kwenye kigoda. Kanisa likashusha pumzi. Mtu mmoja nyuma alisema amina. Naye Mugo akasimama na kile kimya chake cha unyenyekevu alichokifanyia mazoezi tangu Kajiado.

Mama Soipan alimtazama mbuzi. Akamshika mgongo, akamkagua meno, akaridhika naye. Halafu akamwinulia Mugo macho yale yale mema aliyomtolea nayo supu ya olkiloriti, macho ambayo hayakuwa na hila hata chembe.

"Baba Ciku," akamuuliza, "huyu ni wa safari gani?"

Mugo akaanza kuhesabu. Kamati zilikwenda kila moja mara yake. Ni dereva peke yake aliyekwenda zote, na hakuna hata moja aliyorudi na njaa. Hesabu hiyo ilimshuka taratibu, kutoka kichwani mpaka tumboni, na ikakaa huko. Alitamani ardhi ile iliyopimwa mara mbili na kuombewa mara moja ifunguke immeze. Watu wote walikuwa wanamsubiri, na safari hii hapakuwa na nguzo ya kushika.

"Ya kwanza," akasema, akampa kamba.